Karatasi Isiyo na Muhuri

Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi, watu walikuja kama kawaida. Walisukuma geti, wakakaa kwenye benchi la barazani, kila mmoja na bahasha yake mapajani, wakaanza kusubiri. Mama Wakili aliwaona kupitia dirisha la jikoni, akiwa na sufuria ya maziwa mkononi, akajiuliza kama watu hawa wana akili timamu. Wote walikuwepo makaburini mumewe alipozikwa. Wote walitupa udongo. Mmoja wao alilia mpaka ikabidi ashikiliwe. Sasa leo wamekuja kumwona nani?

Benchi lenyewe lilikuwa la kanisani. Parokia ilipopata mabenchi mapya, marehemu aliomba moja la zamani, akaja nalo nyumbani likiwa bado na ubao wake wa kupigia magoti. Wenye kesi walizoea kuweka viatu vyao juu ya ubao ule, na yeye hakuwakataza. Alisema mtu mwenye kesi ameshapigishwa magoti vya kutosha huko atokako.

Siku za kazi alikuwa wakili kama mawakili wengine, mwenye ofisi, tai na bei. Jumamosi asubuhi alikuwa wa bure. Watu walimpachika jina la Wakili Subiri, maana hata ungeingia unalia kwa kwikwi, neno lake la kwanza lilikuwa, "Subiri kwanza. Umekunywa chai?" Na chai, kama mnavyojua, haijipiki. Aliyeipika miaka yote ile ni mkewe, nyuma ya dirisha la wavu lililotenganisha jiko na baraza. Na kwa kuwa Mungu hakuumba masikio yenye vifuniko, mama huyu alizisikia kesi zote: za mirathi, za mipaka, za mishahara iliyoliwa, za waume waliokimbia na vyerehani vya wake zao. Alizisikia huku akichambua mchele, akapika, akaosha vikombe, wala hakuna aliyemuuliza maoni yake.

Alitoka barazani akiwa ameshajiandaa kuwarudisha makwao.

"Jamani, mnajua kwamba hayupo."

"Tunajua, Mama," akajibu kinyozi, ambaye ndiye aliyekaa mwanzo wa benchi. "Tupe pole yako na sisi tukupe yetu. Ni miguu tu imetuleta."

Huyu kinyozi hakuwa mtu baki. Alimnyoa marehemu tangu enzi za nywele nyingi mpaka zilipobaki za pembeni tu, na utani wao ulikuwa mmoja usiochuja: kichwa nusu, bei nusu. Ndiye pia aliyeitwa chumba cha maiti kumnyoa mara ya mwisho. Alimnyoa polepole, akimsemesha kana kwamba yu hai, akimwomba ageuze shavu, na alipopewa bahasha alikasirika kweli kweli. Kwa hiyo Mama Wakili hakuweza kumfungia geti. Alirudi jikoni, akaongeza maji kwenye sufuria.

Walikunywa chai, wakamsifu marehemu, wakaondoka mmoja mmoja. Kinyozi akabaki, akizungusha kikombe kitupu.

"Sikutaka kukusumbua, Mama. Ila mwenye nyumba anataka tutoke. Anasema anajenga ghala. Nimebandikiwa hii mlangoni, na unajua pale ndipo ninaponyolea na pale nyuma ndipo tunapolala."

Mama Wakili aliipokea karatasi ile kwa adabu tu, kama mtu anavyompokea mtoto wa jirani ampakate kidogo. Lakini mikono ina mazoea yake. Aliigeuza, akatazama chini kulia, akaigeuza tena. Muhuri haukuwepo. Na kabla hajaung'ata ulimi, maneno yakamtoka.

"Karatasi isiyo na muhuri wa mahakama ni ya kufungia karanga. Usiijibu. Usiende popote. Ukiijibu, umeipa heshima isiyokuwa nayo. Rudi kwako, nyoa watu."

Hata kikohozi kidogo baada ya neno "karanga" alikitoa. Marehemu alikuwa amemwambia hivyo hivyo fundi cherehani mmoja, akamwambia mlinzi wa usiku, akamwambia mwalimu aliyestaafu, na wote watatu wanaishi kwenye nyumba zao mpaka leo. Mama Wakili alihisi joto likimpanda kifuani. Ilikuwa kana kwamba mumewe yuko pale barazani, miwani imemshuka puani, na yeye yuko jikoni anamsikiliza.

Kinyozi alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Hayo ni maneno yake kabisa!"

"Ni yake," Mama Wakili akasema. "Mimi sina langu hapo."

Kinyozi akaenda zake moyo mweupe, na kwa kuwa kinyozi ni redio isiyozimwa, kufikia katikati ya wiki mtaa mzima ulijua kwamba kwa Wakili Subiri bado kuko wazi. Jumamosi iliyofuata benchi lilijaa. Mama Wakili aliapa moyoni kuwapa chai peke yake. Lakini mjane mwenzake akamweleza habari za shemeji zake na shamba, na yeye akajikuta anasema, "Subiri kwanza, jina la nani liko kwenye hati?" Ndilo lililokuwa swali la pili la marehemu, baada ya lile la chai. Mjane akashangaa, akafungua bahasha. Siku ile Mama Wakili alikula chakula cha mchana akakimaliza, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba.

Tusimseme vibaya. Nyumba ilikuwa imenyamaza mno. Watoto walisharudi kazini kwao. Jioni alisali Rozari peke yake, na ilikuwa inaisha upesi, maana hapakuwa na wa kuamshwa. Marehemu, pamoja na uchaji wake wote, alikuwa akisinzia kila walipofika fumbo la tatu, kisha huzinduka kwenye litani na kupaza "Utuombee!" kwa sauti ya kumshinda kila mtu, ili ionekane alikuwepo muda wote. Watoto walikua wakisali huku wamejibana mbavu. Sasa fumbo la tatu lilipita kama mengine. Alikuwa na Jumamosi tu.

* * *

Jumapili moja binti yake alikuja kula naye chakula cha mchana baada ya Misa. Naye alikuwa wakili, ila wa kampuni ya bima. Kazi yake ilikuwa mikataba, na tangu alipoapishwa hakuwahi kusimama mbele ya hakimu. Watu walidhani jambo hilo lilimuumiza baba yake. Wala. Alikuwa akimtania tu kwamba bima nayo ni huruma, ila ni ile ya kulipiwa kabla.

Walikuwa bado mezani geti liliposukumwa. Kinyozi aliingia na mkewe nyuma yake, na safari hii hakukaa kwenye benchi.

"Mama, dalali wa mahakama amekuja na vijana wake. Wametupa muda mpaka mwisho wa mwezi. Wamesema hukumu imeshatoka."

"Hukumu ya kesi gani?" Mama Wakili akauliza. "Kesi haijaanza!"

Binti alinyoosha mkono, akapewa amri waliyoachiwa, akaisoma akiwa bado ameshika uma.

"Ilianza na ikaisha. Imesikilizwa upande mmoja. Wewe hukufika, na asiyekuwepo na lake halipo." Akamtazama kinyozi. "Hukupata wito kabla ya hii?"

Kinyozi alitazama dari, akatazama sakafu, akatazama kuku aliyekuwa kwenye sahani ya Mama Wakili. "Niliupata. Nikaupoteza."

"Umeupotezaje wito wa mahakama, kaka?"

"Hakuupoteza," Mama Wakili akasema. "Aliniletea mimi. Haukuwa na muhuri. Nikamwambia ni karatasi ya kufungia karanga."

"Na ndiyo tuliyofungia," akasema mke wa kinyozi, ambaye alikuwa akiuza karanga pale mlangoni pa kinyozi na hakuwa mtu wa kuficha mambo. "Mimi nilijua ni maneno ya wakili."

Binti akauweka uma chini.

"Mama, mahakama siku hizi haigongi muhuri kwenye wito. Kunakuwa na namba pale chini, unaiingiza kwenye simu unaiona kesi yako. Muhuri umeshaondolewa."

"Umeondolewa lini?"

"Baba akiwa amelazwa."

Mama Wakili alikumbuka ile miezi ya hospitali, magazeti yaliyorundikana kando ya kitanda bila kufunguliwa. Ulimwengu ulikuwa umebadilisha sheria zake mle mle, kimya kimya, bila kumsubiri mtu aliye kwenye dripu.

"Baba yako angejua," akasema.

"Ndiyo, angejua! Kwa sababu Baba alikuwa anasoma kila siku, Mama, mpaka macho yakamwuma. Wewe unamkariri tu. Unamkariri kama katekisimu!" Binti alikuwa amesimama. "Umeshauri wangapi? Watu wangapi wamekaa kwenye benchi lile? Unajua kwamba hilo ni kosa? Mtu asiye wakili kujifanya wakili, wanaweza kukushtaki wewe!"

"Sijawahi kusema mimi ni wakili."

"Sasa wanakuitaje?"

Wanamwita Mama Wakili, kama mke wa mwalimu anavyoitwa Mama Mwalimu, na hakuna aliyewahi kumdai chaki. Mama Wakili aliinuka akaenda kumvutia mke wa kinyozi kiti, akampakulia chakula bila kumtazama usoni, na mchuzi ukamwagikia kitambaa cha meza.

* * *

Dawa ilikuwepo, binti akaeleza hasira zilipompoa. Mahakama inaweza kuitengua hukumu ya upande mmoja na kuisikiliza kesi upya, ikiwa tu mtu ana sababu ya maana ya kutofika. Sababu hiyo huapiwa.

"Basi niandikie nilikuwa mgonjwa," kinyozi akasema papo hapo.

"Uliumwa?"

"Dada yangu, mimi niko tayari kuumwa ugonjwa wowote mtakaonichagulia. Kuna daktari ninamnyoa pale zahanati, cheti ataandika. Kwani kuna ubaya gani? Sitaki Mama apelekwe mbele za watu kwa ajili yangu. Mzee alinitendea wema mwingi mno."

Binti aliigeuza ile amri, akaigeuza tena, na Mama Wakili akafahamu. Mwanawe alikuwa anapima. Cheti kimoja, mstari mmoja, na jina la baba yake lisingetajwa katika chumba alichokiheshimu maisha yake yote, wala mama yake asingesimama kizimbani kama mwizi wa kuku. Ni mtoto mwema anayepima namna hiyo. Na yeye mwenyewe, tuseme ukweli, kwa dakika nzima alitamani sana kinyozi awe aliugua.

"Mjomba wako," Mama Wakili akasema mwishowe.

"Mjomba amefanya nini?"

"Unakumbuka alifungwa? Ulikuwa mdogo. Aligonga mtu na gari la kazini, akataka aape kwamba aliyekuwa anaendesha ni mwingine. Kaka yangu tumbo moja, na baba yako ndiye wakili wake. Baba yako akamwambia, mimi nitakutetea kwa kila kitu nilicho nacho, lakini hicho kiapo hakitoki mezani kwangu. Mjomba wako akaingia ndani. Mimi nikalala chumba cha watoto, sikumpa baba yako neno, si asubuhi wala jioni. Mama yangu mzazi alimwita msaliti hapo hapo sebuleni."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ya nini? Kila Jumapili baada ya Misa akavaa suti yake nzuri, akaenda gerezani na sabuni na gazeti. Nikamwuliza, suti ya nini? Akasema wale wameona nguo mbovu za kutosha. Kaka yangu alipotoka, yeye akaendelea kwenda. Akasema eti ameshapata marafiki." Mama Wakili alicheka, kisha kicheko kikageuka. "Ndiyo chanzo cha hayo mambo yote ya gerezani mliyosoma kanisani siku ya mazishi, mkasema alikuwa na wito. Wito gani! Alikuwa na shemeji."

Kinyozi akacheka, akajizuia, akacheka tena.

"Sasa mtu aliyemwacha shemeji yake afungwe kuliko kuapa uongo," akasema Mama Wakili, "mimi nikamwapishe kinyozi wake cheti cha malaria? Andika ilivyokuwa, mwanangu. Nimesema mimi, nitasema tena mbele yao. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi sina magoti ya kurudi mbio."

"Watakucheka, Mama."

"Wacheke."

"Na mimi sijasimama mahakamani tangu niapishwe."

"Basi tutakuwa wawili tusiojua kitu," Mama Wakili akasema, akaanza kukusanya vyombo.

Lakini jikoni alisimama mbele ya sinki bila kufungua maji. Kucheka kwao hakukumtisha. Kilichomtisha ni kwamba watu wangesema Wakili Subiri alimfundisha mkewe upuuzi, na kwamba yeye, aliyempenda kuliko wote, ndiye angekuwa ameliharibu jina lake.

* * *

Asubuhi ya siku yenyewe alimkuta binti yake ameketi kwenye ngazi ya nyuma na kopo la kiwi, anavipiga rangi viatu vya mama yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya marehemu kila jioni ya Jumamosi: viatu vya nyumba nzima mstari mmoja, vikubwa kwa vidogo, ili kesho yake waende Misa waking'aa miguu hata kama nguo ni za mwaka juzi. Hakumruhusu mfanyakazi wala mtoto avishike. Mama Wakili alivivaa, akafunga kamba, wakaondoka.

Kwenye korido ya mahakama walikutana na wakili wa mwenye nyumba, kijana mwenye shingo nyembamba. Aliinama kabisa. "Shikamoo, Mama. Pole sana na msiba. Mzee alitusaidia wengi."

"Marahaba, mwanangu."

Nusu saa baadaye kijana yule yule alisimama ndani ya joho lake na kumwita "shahidi huyu".

Binti alianza vibaya. Sauti ilimpotea, akaangusha karatasi, akamwita hakimu "mwenyekiti" kama vile wako kwenye kikao cha bima. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, alimtazama akaisogeza miwani, wala hakumwonea. Mama Wakili akaapa, mkono juu ya Biblia, akaeleza: karatasi ililetwa, aliiangalia, alisema hivi. Aliyasema yote bila kuyapunguza, hata ya karanga, na watu waliokuwa nyuma wakaguna.

Kijana akainuka.

"Shahidi, wewe ni wakili?"

"Hapana."

"Umesomea sheria wapi?"

"Sijaisomea. Jikoni kwangu kuna dirisha."

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Karani aliyekuwa akiandika alijifuta macho. Mama Wakili alisimama wima, mikono yake imeshika ukingo wa kizimba, na joto la aibu likampanda kutoka kwenye viatu vile vinavyong'aa mpaka masikioni.

"Kwa hiyo mtu akikaa karibu na jiko la daktari anaweza kupasua watu?"

"Hawezi. Ndiyo maana niko hapa."

"Na haya maneno, kwamba karatasi za mahakama ni za kufungia karanga. Unaiambia mahakama hii kwamba marehemu mume wako, aliyekuwa ofisa wa mahakama hii, ndiye aliyekuwa akifundisha watu kuidharau?"

Binti akaruka kusimama, lakini Mama Wakili alishaanza. Hicho ndicho alichokuwa akikiogopa tangu siku ile ya sinki, na sasa kilipofika aliona hakimtishi hata kidogo.

"Wewe kijana umesema mwenyewe pale nje kwamba alikusaidia. Alikufundisha kuidharau mahakama?"

Kijana akaanza kupekua mafaili yake.

"Mume wangu hakukosea. Karatasi za wakati wake za kweli zilikuwa na muhuri, na zile za wenye nyumba wajanja hazikuwa nao, na yeye alijua ipi ni ipi. Tena asingemwambia mtu neno kabla ya kuuliza, kupiga simu, kwenda mwenyewe masijala. Hayo sikuyasikia dirishani, kwa sababu hayo aliyafanya siku nyingine. Mimi nilisikia ya Jumamosi tu. Aliyekosea ni mimi."

Hakimu akaweka kalamu chini. "Mama, ngoja sasa nami nikuulize. Ulijua wewe si wakili. Kwa nini ulimjibu mtu huyu? Kwa nini hukumwelekeza kwingine?"

Mama Wakili alikitazama chumba. Alimwona binti yake, uso umemvimba kwa wasiwasi. Alimwona kinyozi kwenye kiti cha nyuma, kofia mapajani, mkewe kando. Jibu alilokuwa ameliandaa ni kwamba alitaka kusaidia, na lilikuwa jibu zuri, la mjane mwema wa wakili mwema. Lakini mkono wake ulikuwa umeshagusa Biblia.

"Nyumba ilikuwa kimya, mheshimiwa. Huyu bwana alipokuja nikayasema maneno ya mume wangu, na nilipoyasema nikamsikia. Nikaona nikiendelea kuongea nitaendelea kumsikia. Jumamosi ya pili nikaongea tena. Watu wanadhani nilikuwa nawaonea huruma." Alimtazama kinyozi. "Sikukufikiria wewe, mwanangu. Wala watoto wako. Nilijifikiria mimi. Unisamehe."

Hakuna aliyecheka. Kinyozi alitikisa kichwa mara nyingi, kama mtu anayekataa kupokea chenji.

Hakimu alichukua muda mrefu kuisafisha miwani yake. Kisha akasema kwamba katika chumba kile huletewa vyeti vya homa kila wiki, na kwamba yeye ameshawahi kuambiwa kwa kiapo kuwa mtu alifiwa na bibi yule yule mara tatu. Sababu aliyoisikia leo ni ya ajabu, lakini ameiamini. Mtu aliyekwenda kutafuta ushauri kwenye nyumba ile, iliyojulikana kwa ushauri, hakupuuza wito kwa jeuri. Hukumu inatenguliwa. Kesi itasikilizwa upya. Mpaka hapo kinyozi asiondolewe.

"Na wewe, Mama," akaongeza, "nikisikia umemshauri mtu mwingine, nitakuita hapa, na siku hiyo hatutacheka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mheshimiwa."

"Chai mpe."

"Chai nitampa."

* * *

Koridoni kulikuwa na msongamano, watu na mafaili yao, mtoto analilia biskuti. Binti alikuwa akicheka. "Nimemwita mwenyekiti, Mama! Mwenyekiti!" Mke wa kinyozi alimkumbatia Mama Wakili kwa nguvu, akimwambia yameisha, yameisha, na Mama Wakili akampigapiga mgongoni akijua kwamba hayajaisha.

Kinyozi ndiye aliyebaki na uso mzito. Alisogea karibu, akainamisha kichwa na kushusha sauti, jinsi watu walivyokuwa wakiishusha barazani.

"Mama, sasa itakuwaje? Huko mbele tutashinda kweli? Au nianze kutafuta pengine mapema?"

Jibu lilikuwepo. Lilikuja lenyewe mpaka kwenye meno, tamu, na kikohozi chake: subiri kwanza. Marehemu alilisema kwa kila mtu aliyeuliza swali hilo, akamwekea mkono begani, na mtu akaenda kulala. Mama Wakili aliuinua mkono wake kuelekea bega la kinyozi. Hapo akalimeza lile neno, na likashuka kwa shida kama mfupa.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Muulize wakili wako, huyo hapo. Mimi sijui. Aliyekuwa akijua amekufa."

Neno hilo hakuwahi kulitamka. Hospitali alisema ameondoka, kanisani alisema ametangulia, nyumbani alisema hayupo. Alilisikia sasa kwa masikio yake mwenyewe, katikati ya watu wasiomjua, akayumba. Kinyozi akamdaka upande mmoja, binti upande mwingine, wakamkalisha palipokuwa na nafasi, sakafuni, mgongo ukutani. Watu wakapisha kidogo na kuendelea na shughuli zao, maana korido ile ilishazoea vilio.

"Lia, Mama," binti akasema, naye ameketi chini na joho lake. "Lia tu."

Mama Wakili akalia kwa sauti, kama mtu aliyeletewa habari asubuhi ile ile.